SOMO: MTOTO ASIACHWE PEKE YAKE NA UGONJWA WA SIDA

Wapendwa baba na mama, leo tujifunze habari ya vijana na ugonjwa wa Sida. Na ninyi vijana wa Katoto, sikilizeni pia.

Ugonjwa huu ni wa siku nyingi katika inchi yetu. Damu ya mtu iliyochukuliwa Kinshasa mwaka 1959 ilipopimwa baadaye, ilionekana ina virusi vya Sida. Wataalamu wanafikiri ulisafiri pamoja na watu katika gari la moshi. Na hapa Kamina njia za reli zinakutana: ya Lubumbashi, ya Kananga na ya Kalemie.

1. Ni nani aliye katika hatari?
Fikiri juu ya binti wa miaka 15. Wazazi wake wamekufa. Anauza ndizi karibu na reli. Mtu mkubwa anampa chakula na sabuni, kisha anataka mwili wake. Watu wanasema, "Binti huyu ni mbaya." Sivyo. Njaa imemshika, na mtu yule ameitumia njaa hiyo. Basi, anayempa chakula na karo ya shule bila kudai kitu, huyo amemkinga na Sida.

2. Huingia kwa njia gani?
Huingia kwa kulala pamoja. Kwa damu, kama sindano au wembe uliotumiwa na mwingine. Na toka mama kwa mtoto. Hauingii kwa kula bukari katika sahani moja, wala kwa mbu, wala kwa kushikana mikono. Usimtengee mtoto sahani yake.

3. Kujikinga
Ni vema kijana angoje, na walioana wapimwe damu na kuwa waaminifu. Lakini tusifichane: kondomu ikitumiwa vizuri kila mara, inakinga. Na msichana akilazimishwa, msikae kwanza kuhesabu mbuzi za faini. Mleteni hospitali siku ile ile. Dawa ya kuzuia Sida yapasa ianzwe kabla ya masaa 72 kupita, inywewe siku 28. Mbuzi hawazuii ugonjwa.

4. Mtoto aliyezaliwa nao
Mama mwenye mimba apimwe. Pasipo dawa, watoto 15 hadi 45 katika 100 hupata virusi kwa mama zao. Kwa dawa, hawafiki 5.

Mtoto aliye na virusi hunywa dawa kila siku, maisha yake yote. Wazazi wengi humwambia, "Ni dawa ya kifua." Akikua, anaona kifua hakimwumi, anaziacha kwa siri. Halafu anakonda, tena kifua kikuu kinamshika. Mwambieni kweli polepole, tangu miaka 6 mpaka 12. Mwambieni na habari njema: akinywa dawa vizuri hata virusi visionekane tena katika kipimo cha damu, hatamwambukiza mwenzake kwa kulala pamoja. Ataoa, atazaa.

5. Kazi yetu katika kanisa
Usitaje ugonjwa wa mtu mbele ya mkutano, hata katika maombi, kama hakukupa ruhusa. Usimwambie mtu aache dawa kwa kuwa ameombewa. Aombewe, na dawa anywe. Sheria ya Kongo ya mwaka 2008 inakataza kumtenga mwenye Sida. Kwetu sisi, upendo ulikuwa umekwisha kukataza.

Kila yatima apate mtu mmoja wa kumwuliza jioni, "Mwanangu, umekula? Umekunywa dawa?" Kazi hii haitaki masomo makubwa. Wewe waiweza.

Maswali
1. Kwa nini tusimfiche mtoto jina la ugonjwa wake?
2. Msichana akilazimishwa, tufanye nini kwanza?
3. Ni kijana gani karibu na nyumba yako asiye na wa kumwuliza?