Salama Tu, na Maswali Matano

Muhula wa pili mwaka jana, mwalimu wetu wa saikolojia alitugawia karatasi yenye maswali matano. Akasema msiandike majina, kila mtu ajaze ya kwake, ajumlishe, azidishe kwa nne, kisha akae na jibu lake. Darasa likacheka. Maswali matano kwa watu waliozoea mitihani ya saa tatu! Nikajaza chapchap, nikapata 80, nikajiona bingwa. Usiku, wenzangu wakiwa wametoka kwenda kusoma, niliitoa ile karatasi nikaijaza upya, taratibu. Nikapata 28.

Mtu ni yule yule, siku ni ile ile. Tofauti ni kwamba asubuhi jirani yangu wa kiti alikuwa anachungulia.

Dodoso lile linaitwa WHO-5, na lilitoka mwaka 1998 katika ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani. Jina linalotajwa sana pamoja nalo ni la Per Bech, daktari wa magonjwa ya akili wa Denmark. Linauliza habari za wiki mbili zilizopita tu: ni mara ngapi ulijisikia mchangamfu, ni mara ngapi ulitulia, ulikuwa na nguvu, uliamka ukiwa umepumzika, na siku zako zilikuwa na mambo yanayokuvutia. Kila swali lina alama kuanzia 0, yaani hakuna hata mara moja, mpaka 5, yaani wakati wote. Jumla ya juu ni 25. Ukizidisha kwa 4 unapata kipimo cha kutoka 0 hadi 100. Ukiangukia 50 au chini yake, unashauriwa kuangaliwa zaidi. Baadhi ya watafiti huichukua 28 kushuka chini kuwa alama ya kufikiria sonona.

Kufikiria, sio kuthibitisha. Kipimajoto kinakuambia una homa, hakikuambii kama ni malaria au ni taifodi. Hapa wengi wetu tunakosea, tunajaza kitu kwenye simu halafu tunajitangazia ugonjwa.

Ninachokipenda kwenye WHO-5 ni kwamba haina hata swali moja la huzuni. PHQ-9, ambayo hospitali nyingi huitumia, ina maswali tisa ya dalili, na la mwisho linauliza kama umekuwa ukiwaza kufa au kujidhuru. (Ukijikuta hapo, usisubiri kujumlisha alama. Mwambie mtu leo leo, na uende naye hospitali.) Ukiniuliza kama nina dalili, nitakataa. Ukiniuliza ni lini mara ya mwisho niliamka nimepumzika, naanza kuhesabu.

Sasa, tatizo la kujaza kwa uongo sisi tunalo kwa namna yetu. Salamu zetu zina jibu moja. Habari za nyumbani? Nzuri. Hata kama kuna msiba unasema nzuri kwanza, ndipo unaongeza, ila tumefiwa. Hostelini ndio kabisa, ni "poa tu mwanangu" mpaka siku mtu anafungasha begi. Mtafiti anayekuja na dodoso lililotafsiriwa neno kwa neno atarudi na "salama tu" mia tano.

Zimbabwe walilitazama jambo hili vizuri. Kwa Kishona kuna neno kufungisisa, kuwaza kupita kiasi, na ndilo watu hulitaja wanapoeleza mzigo wa moyo. Sisi tungesema fulani ana mawazo. Dodoso lao la maswali 14 lilijengwa kwa lugha ya wenyewe. Daktari Dixon Chibanda wa Harare akawafundisha akina bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi anasikiliza, kisha wanachagua tatizo moja, moja tu, na kupanga hatua ya kulishughulikia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: watu 573 waligawanywa katika makundi mawili, na baada ya miezi sita waliokuwa na dalili za sonona walikuwa kama 14 katika kila 100 kwenye kundi la benchi, na kama 50 kwenye kundi lingine. Benchi hilo limeshafika Zanzibar pia.

Kenya nako kuna Shamiri, na jina lenyewe ni la lugha yetu. Vijana waliomaliza sekondari karibuni waliongoza vikundi vya wanafunzi kwa wiki nne, wakizungumzia shukrani, mambo wanayoyathamini, na imani kwamba mtu anaweza kubadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulikuwa na wanafunzi 413. Nusu hawakupata Shamiri, walikaa kwenye vikundi vya kufundishwa mbinu za kusoma. Na wao walipata nafuu! Waliopata Shamiri walipata zaidi, lakini bila kundi la pili tungedhani nafuu yote ni ya Shamiri. Ndiyo maana mtu akikuambia "nilifanya hivi nikapona", muulize angekuwaje kama asingefanya.

Mimi sina kundi la kujilinganisha nalo, kwa hiyo nayasema yangu kama yalivyo. Nilikuwa na sapu mbili, naogopa kudisko, na nyumbani walijua mambo ni mazuri kwa sababu ndivyo nilivyowaambia. Nikaigiza ile ya benchi, nikachagua tatizo moja. Sikuchagua sapu. Nilichagua simu ya nyumbani. Ilinichukua siku nne kuipiga. Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimekula.

Baadaye nilikwenda kwa mshauri wa wanafunzi na ile karatasi mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kujieleza nikashindwa kuanza, basi nikamkabidhi karatasi tu. Aliisoma akaanzia pale, akaniuliza usingizi. Kwa kazi hiyo peke yake, kukupa pa kuanzia, maswali matano yanatosha, na sioni kwa nini serikali yetu ya wanafunzi isiyaweke pale zahanati kabla ya wiki ya mitihani. Ila wasiyagawe darasani watu wakiwa wamebanana.

Tangu hapo najaza kila baada ya wiki mbili, mlango ukiwa umefungwa. Nimepata 36, nikashuka 32, nikapanda 52. Juzi ni 56. Swali la kuamka umepumzika bado linanipa alama moja, lakini hilo halihitaji mshauri: tunabebana wanne kwenye chumba cha wawili.