Usichague Mpiga Picha kwa Kuhesabu Laiki

Mdogo wangu, sogea tuongee kabla hujatuma advansi. Najua umeshakesha Instagram, umehifadhi picha za maharusi wa watu wamesimama bustanini jua likizama, shela linapepea, na moyo wako umeshasema "huyuhuyu". Sikulaumu. Picha zile ziliwekwa pale zikupendeze, nawe ukapendezwa. Ila wahenga walishatuonya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Hebu fikiri. Mtu aliyepiga harusi za kutosha atakosaje picha kumi nzuri za kuweka ukurasani? Jua la saa kumi na moja jioni linambeba kila mtu. Wewe unalipia siku nzima, na sehemu kubwa ya siku hiyo utakuwa ndani ya kanisa lenye mwanga hafifu, kisha ukumbini usiku, chini ya zile taa za zambarau mlizozichagua wenyewe kwenye kikao cha mapambo. Kwa hiyo mwombe akuonyeshe harusi moja, yote, kuanzia bibi harusi anapovishwa hadi wazazi wanapopokea zawadi. Akikuletea vipandevipande vya harusi ishirini, mrudishe palepale: kaka, nimeomba moja.

Ukishaipata, usiitazame kwenye simu. Kioo cha simu ni kidogo, husitiri aibu nyingi. Ifungue kwenye kompyuta, uikuze mpaka uyaone macho ya watu. Yanaonekana vizuri, au yana ukungu? Kisha tafuta picha ambayo shela na suti nyeusi vimesimama bega kwa bega. Ukiona maua ya lesi na mikunjo ya suti kwa pamoja, huyo anaujua mwanga. Ukiona weupe mtupu usio na hata uzi, na weusi usio na kola wala kifungo, mshukuru kwa muda wake, uondoke.

Na ngozi, mdogo wangu, ngozi! Hapo ndipo tunapoibiwa huku tunacheka. Zamani za filamu, maabara zilipima rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, zile kadi za Kodak zilizoitwa Shirley, na iliyotoka salama ni ngozi kama yake. Sisi weusi tukatoka meno na macho tu. Leo kamera za kidijitali zinaweza kutuona sote, basi mtu akikutoa mweupe hadi mama yako akutafute pichani, ujue kaamua mwenyewe alipokuwa anahariri. Mikunjo ya baba iwepo. Kidoti cha shavuni kwa shangazi kiwepo. Najua leo unafurahia kulainishwa, nani asiyependa? Lakini miaka kumi ijayo mtoto wako akiuliza "mama, huyu ni nani?" na huyo ni wewe, utaumia.

Wengine mnaniambia, "Dada, tunamlipa wa nini wakati simu za wageni zinatoa picha safi?" Swali la haki kabisa. Picha za wageni hufika stetasi kabla keki haijakatwa, na nyingine zina uchangamfu kweli. Lakini mgeni hupiga anachokipenda, tena pale alipokaa. Mpiga picha rasmi analipwa ili amwone bibi aliyeletwa kutoka kijijini akaketishwa pembeni, mashahidi wakitia saini cheti, mama akifuta machozi kwa kificho, na ukoo wa pande zote mbili macho wazi, hakuna aliyekatwa kichwa. Ukiwakosa hao, hata picha za bustanini ziwe tamu vipi, umepunjwa. Umsaidie basi: mpe orodha ya watu hao, na ndugu mmoja anayewafahamu awe naye. Mshereheshaji naye awaombe wageni washushe simu wakati wa kuvishana pete, la sivyo utapata picha ya viganja vya watu.

Usihadaike na wingi pia. Mkanda wa filamu kwa kawaida ulitoa picha zisizozidi 36, mtu akafikiri kwanza ndipo abonyeze. Sasa kubonyeza ni bure, kijana anajigamba atakupa picha 3,000. Nani atazitazama? Kuchagua ni sehemu ya kazi yake, na asiyechagua ni mpishi anayekupakulia wali pamoja na chuya zake.

Halafu kuna kosa letu sote, kupokea picha kwa WhatsApp tukadhani tumemaliza. Picha ikipita huko kwa kawaida hupunguzwa ubora. Ile ya Instagram yenye upana wa pikseli 1,080, ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi, haifiki hata inchi 4. Hiyo ndiyo ya kutundika sebuleni? Dai mafaili yenyewe makubwa, uyaweke mahali pawili, nakala moja kwa mama. Akiba haiozi. Na albamu ichapishwe, maana simu hupotea.

Haya yote yaandikwe. Mali bila daftari huisha bila habari. Andikeni ni nani hasa atakayekuja, yeye mwenyewe au kijana wake wa kujifunza; saa ngapi hadi saa ngapi; mafaili yatatolewa lini; na kama ana kamera ya akiba, maana ya kwanza ikigoma saa ya pete hakuna wa kuirudisha saa hiyo. Andikeni pia kipi kisichowekwa mtandaoni. Ninyi wa Mombasa na Lamu mnaelewa: siku ya kupamba ni ya wanawake, watu wamevua mabuibui. Tafuteni mpiga picha mwanamke, na picha zile zisimpitie mwanamume kwenye kuhariri wala zisionekane ukurasani. Aibu ikishasambaa, haikusanyiki.

Na wewe ambaye harusi imeshapita, unalia kimya kila ukizifungua, njoo nikufute machozi. Hujakosa akili, kamati ilibana bajeti, picha zikaangukia mwisho baada ya ukumbi na vinywaji, na rahisi huvunja upishi. Usimtukane kijana wa watu mtandaoni. Mwombe kwa upole mafaili ghafi ya kamera, kabla hajayafuta. Rangi iliyokosewa mara nyingi hurekebishika kwa mhariri mwingine. Ukungu mwingi haurekebishiki, wala aliyesahaulika hawezi kupachikwa ikawa picha ya kweli. Hapo kusanya picha za wageni, uone ni nani alimpiga picha yule bibi wa kijijini.

Ila wewe ambaye bado, huna kisingizio. Kabla pesa haijatoka, muulize kuhusu ukumbi usiku, kuhusu ngozi, kuhusu mafaili. Fundi wa kweli atakaa akueleze, tena kwa raha, maana ni mara chache huulizwa. Akikununia kwa sababu umeuliza, jibu umeshalipata, na advansi yako bado iko mkononi.