Somo la familia: Tini za Hezekia na ugonjwa wa presha

Fungu la kusoma: 2 Wafalme 20:1-7



Someni fungu hilo kwanza, kisha mrudi hapa. Mfalme Hezekia aliugua karibu na kufa. Aliomba akilia, na Isaya alikuwa hajafika mbali wakati Mungu alipojibu: mfalme ataponywa, ataongezewa miaka 15. Jibu limekwisha kutoka mbinguni. Lakini angalieni mstari wa 7. Nabii yule yule aliyeleta ahadi ndiye aliyeagiza tini, zikawekwa juu ya jipu. Hakuna aliyesema kwamba tini zile ni upungufu wa imani.

Fungu hili nililisoma katika chuo cha Biblia na nimelihubiri mara nyingi, lakini mstari wa 7 nilikuwa naupita haraka. Naungama hilo kwa sababu lilileta hasara. Miaka ya nyuma mama mmoja wa kwaya alisimama kutoa ushuhuda: tumemwombea presha, anajisikia mwepesi, ameacha vidonge. Nikaliongoza kanisa kupiga makofi. Baada ya miezi michache aliamka mdomo umepinda, mkono na mguu wa kuume havina nguvu. Kilikuwa kiharusi. Yu hai, tunamshukuru Mungu, lakini haimbi tena. Makofi yale ndiyo yananifanya niandike somo hili.

KUJISIKIA VIZURI SI KIPIMO

Presha ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa. Mashine hutoa namba mbili. Ya juu ni wakati moyo unaposukuma, ya chini ni wakati unapopumzika kati ya pigo na pigo. Vipimo vya siku mbalimbali vikifika 140 kwa 90 au kupita, hiyo ni presha ya juu. Wengi walio nayo hawasikii lolote, wala kichwa kuuma wala kizunguzungu, huku moyo, figo na mishipa ya ubongo vikiharibika polepole. Yule mama hakusema uongo pale mbele. Alijisikia mwepesi kweli. Vidonge vilikuwa vinafanya kazi!

Na ukienda kupimwa, usipande mlima mbio kisha ukanyosha mkono papo hapo. Kaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza, bila kuzungumza. Ndipo namba itakuwa ya kweli.

"NI MAWAZO TU, MCHUNGAJI"

Neno hili nalisikia kila mara, na silidharau. Mawazo tunayo. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka na watu wa Goma wakavuka mpaka kuja Gisenyi na watoto mgongoni, nani alilala? Hofu hupandisha presha, na kukosa usingizi kwa muda mrefu kunadhuru. Eliya alipochoka hata akaomba kufa (1 Wafalme 19), Mungu hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale, akamlisha, akamwacha alale tena. Basi tuombeane, tuzungumze, tulale mapema inapowezekana.

Lakini tukisema ni mawazo tu, tunaiacha sufuria bila kuichunguza. Vita hatuwezi kuvimaliza leo. Sufuria tunaweza kuibadili leo jioni.

CHUMVI TUSIYOIHESABU

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, na hapo imehesabiwa chumvi yote. Sasa fikirini mgao wa chakula tuliouzoea kambini: chumvi yake ilipimwa gramu 5 kwa mtu kwa siku. Maana yake, mkiitumia yote, mmekwisha kufika ukingoni kabla hamjanunua kitu kingine. Kisha tunatia kipande cha Maggi, ambacho karibu nusu ya uzito wake ni chumvi. Kisha makayabo. Kisha bikaboneti ndani ya maharage na sombe ili vilainike upesi na makaa yasiishe. Nayo ina sodiamu, kitu kile kile kinachofanya chumvi ipandishe presha. Lowekeni maharage usiku kucha, yataiva bila hiyo. Makayabo yaloweshwe pia na maji yabadilishwe mara kadhaa, ingawa sambaza mbichi, au zilizoanikwa bila chumvi, ni bora zaidi.

Msiache chumvi kabisa. Katika kisiwa cha Idjwi, hapa hapa Ziwa Kivu, watu wengi walivimba shingo kwa kukosa iyode, na watoto wengine walizaliwa na akili zilizodumaa. Chumvi yenye iyode ni kinga. Tunaipunguza tu.

Na ninyi akina baba, msimwaibishe mama mezani kwamba chakula hakina ladha. Ulimi huzoea baada ya wiki chache. Kitunguu saumu, tangawizi, nyanya na ndimu vinasaidia.

Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio liitwalo DASH, la watu 459. Kundi moja lililishwa mboga na matunda mengi, maziwa yasiyo na mafuta mengi na mafuta kidogo kwa jumla. Katika wiki 8 tu, wale wenye presha ya juu walishuka karibu alama 11 kwa namba ya juu, kuliko wenzao waliokula chakula cha kawaida. Lengalenga, maharage na ndizi tunavyo sokoni. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza.

Mwendo: dakika 30 kwa siku, siku 5 kwa juma, kutembea kwa haraka. Akina mama wanaobeba maji na kuni mlimani wamekwisha kutimiza. Nawaambia wanaume wanaokaa kwenye igisoro tangu asubuhi. Kasiksi inapandisha presha, na kanyanga sina haja ya kuieleza. Sigara huharibu mishipa.

NA VIDONGE JE?

Mabadiliko haya kwa wengine huishusha presha hata daktari akapunguza dawa. Nimesema daktari. Si mchungaji, si jirani, si wewe mwenyewe. Vidonge vikikaribia kwisha, nenda kituo cha afya kabla ya siku ya mwisho. Mama mjamzito mwenye presha asingoje hata siku moja. Na mtu akipinda uso au akilegea upande mmoja ghafula, mbebeni hospitali saa ile ile, mwombeeni njiani.

Kuanzia sasa, atakayetoa ushuhuda wa kupona presha hapa kanisani atakuja na karatasi ya vipimo. Tutafurahi pamoja naye zaidi.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

Kwa nini Isaya aliagiza tini ikiwa Mungu alikwisha kuahidi uponyaji?

Pakiti ya chumvi nyumbani mwenu inakaa siku ngapi, nanyi mko watu wangapi?

Ni nani katika nyumba hii ana vidonge alivyoviacha, na kesho nani atamsindikiza kwenda kupimwa?