Utalii Kaskazini mwa Kenya: Tuanzie Wapi?

SWALI: Sisi ni wafugaji wa Marsabit, karibu na Ziwa Turkana. Tunataka kujenga kambi ya wageni. Serikali itatusaidiaje?

JIBU: Anzeni na ardhi, kabla ya kutafuta fedha. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inawaruhusu kusajili ardhi yenu. Mwekezaji akija, mkataba wake hauwi halali bila kuidhinishwa na theluthi mbili ya watu wazima katika mkutano wa jamii. Msikubali saini za wazee wachache.

Kisha fikirieni hifadhi ya jamii, inayotambuliwa na Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Kuhusu mtaji, Sheria ya Utalii ya 2011 iliunda shirika la umma la kukopesha miradi ya utalii. Lakini mkopo hulipwa hata ukame ukifukuza wageni, basi anzeni kidogo.

Idaini kaunti maji na zahanati, na serikali ya kitaifa usalama. Lami ya Isiolo hadi Moyale imefupisha safari, ila barabara ya kufika ziwani bado ina kazi. Bila huduma hizo, kambi nzuri itabaki tupu, na vijana wenu wanastahili zaidi ya hapo.