Ziara Fupi ya Mji wa Kale, Mombasa: Kiongozi wa Watalii kama Fanani

Utangulizi

Mtafiti wa fasihi simulizi kwa kawaida huenda mashinani kuwatafuta wazee, manju na watambaji. Makala haya yanaelekeza jicho mahali ambapo wengi hawapadhanii: ziara ya saa moja au mbili ambayo mgeni huongozwa katika Mji wa Kale wa Mombasa. Makala yanashikilia kwamba ziara hiyo ni utendaji kamili wa fasihi simulizi. Aidha, yanadai kwamba thamani yake haimo katika majengo peke yake, bali pia katika maneno ya Kiswahili ambayo kiongozi huyafafanua au huyapita.

Fanani, hadhira na jukwaa

Ziara nyingi huanzia Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Kutoka hapo wageni huingia barabara ya Ndia Kuu, wakapita kwenye msikiti wa Mandhry na kuteremka hadi Leven House, karibu na bandari ya kale. Njia hii ndiyo jukwaa, nayo vituo vyake ni sawa na matukio katika ngano: kila kimoja kina kisa chake na nafasi yake katika mfululizo.

Kiongozi naye ana sifa za fanani. Huuliza maswali, hutumia ishara, hupandisha na kushusha sauti, na hutua panapohitaji taharuki. Hebu tuchukue kisa cha Waomani kuizingira ngome kuanzia mwaka 1696 hadi 1698. Njaa na maradhi viliwamaliza waliokuwa ndani. Meli ya Santo António de Tanná, iliyotumwa kuwaokoa, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na baadhi ya vitu vilivyoopolewa baharini vimehifadhiwa katika makumbusho yaliyomo ngomeni. Fanani hodari hahitaji kukitia chumvi kisa cha aina hii.

Hata hivyo, kama ilivyo katika utambaji wowote, hadhira huathiri usimulizi. Kisa hichohicho chaweza kuwa cha ushujaa wa waliozingirwa mbele ya kundi moja, na cha ukombozi wa pwani mbele ya jingine. Hapa ndipo uchambuzi unapohitajika.

Neno kama kumbukumbu

Jiwe huonekana hata pasipo maelezo, lakini neno hujificha. Wenyeji waliiita ngome hii Gereza. Wanaisimu wengi hulihusisha neno hilo na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, kwa kuwa ndani ya kuta hizo mlikuwa na kanisa. Baadaye, kuanzia mwaka 1895 hadi 1958, ngome ilitumiwa na serikali ya kikoloni kama jela. Neno lililotoka ibadani likaishia kwenye minyororo. Mgeni akielezwa hivyo, ameelezwa kwa neno moja safari ya karne tatu.

Ndia Kuu pia ni somo la isimu lililoandikwa ukutani. Kimvita husema ndia pale Kiswahili sanifu kinaposema njia. Kibao cha barabara kimehifadhi lahaja ambayo usanifishaji uliiacha kando ulipoichagua Kiunguja kuwa msingi. Vivyo hivyo, mgeni anayenunua leso dukani ananunua, pamoja na kitambaa, neno jingine lenye asili ya Kireno lililokwisha kuwa la Mswahili kabisa.

Yanayopitwa kimya

Hatari ya ziara fupi ni kuufanya mji uonekane kama uwanja wa wageni pekee: Wareno waliingia, Waomani wakawatoa, Waingereza wakafuata. Mwenyeji hubaki kivuli. Mfano mzuri ni mwaka 1875, Al-Akida alipoasi akiwa ngomeni na meli za Waingereza zikaipiga ngome kwa mizinga. Tukio hilo lilitungiwa utenzi, na liwali Mbarak Ali Hinawy akaliandikia kitabu. Muyaka bin Haji naye aliishi na kutunga katika mji huu wakati wa utawala wa Mazrui, uliokoma mwaka 1837. Ziara inayomtaja Vasco da Gama isimtaje Muyaka imeuonyesha mji bila sauti yake.

Jina Mvita nalo lina masimulizi yasiyolingana. Wapo wanaolihusisha na vita vingi vilivyoukumba mji, na wapo wanaolirejesha kwa Shehe Mvita, anayetajwa katika mapokeo kuwa mtawala wake wa kale. Kiongozi mwaminifu hana haja ya kuchagua moja na kulitangaza kuwa ukweli pekee. Kutofautiana kwa matoleo ni sifa ya fasihi simulizi, nayo hadhira ina haki ya kuijua.

Huenda ikasemwa kwamba muda hautoshi. Hoja hii haina mashiko. Kulieleza neno gereza huchukua dakika moja. Jambo linalohitajika ni uteuzi, na uteuzi huhitaji maarifa.

Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, inapendekezwa kwamba vyama vya Kiswahili vyuoni virekodi masimulizi ya viongozi wa watalii kwa idhini yao, vilinganishe matoleo ya kisa kimoja mbele ya hadhira tofauti, na vishirikiane nao kuandaa maelezo ya Kiswahili. Mkenya anayeuzuru mji huu asipewe mabaki ya usimulizi uliokusudiwa watu wengine. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji wa Mji wa Kale hataponea mauzo ya leso pekee. Ataponea pia kuisikia historia yake ikisimuliwa kwa lugha yake.