Hospisi Isiyo na Vitanda: Namna ya Kuipima Ukiwa Oruchinga

"Hiyo hospisi iko wapi?" Ndilo swali la kwanza linalowatoka watu wanapoambiwa kituoni kwamba mgonjwa wao hatapona, na kwamba sasa watamfaa watu wa hospisi. Wanawaza jengo: vitanda, mashuka, mlinzi getini. Nami niliwaza hivyohivyo mama mkubwa alipogunduliwa saratani ya shingo ya kizazi. Nilikaa kwenye benchi nikipiga hesabu ya nauli ya kumpeleka Mbarara na ya kumrudisha, akirudi.

Kumbe huku kwetu, makazi ya wakimbizi ya Oruchinga wilayani Isingiro, Uganda, hospisi ni gari, muuguzi, sanduku la dawa na namba ya simu. Dokta Anne Merriman, Mwingereza aliyefariki mwaka 2025, alipoanzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala mwaka 1993, hakutaka kulaza wagonjwa. Alitaka wafuatwe kwao. Tawi la Mbarara lilifunguliwa mwaka 1998 likaitwa Mobile Hospice Mbarara, yaani hospisi inayotembea. Kwa hiyo usiende kukagua rangi ya ukuta. Kagua kinachofika kwenye mkeka wa mgonjwa, na zaidi ya yote kinachofika usiku.

Najua wengi wetu huona haya kuuliza. Mtu amekuja bure, amevuka vumbi la Isingiro kukufuata, halafu wewe mkimbizi unamhoji? Ndiyo, mhoji. Muuguzi anayejua kazi yake hufurahi akiulizwa, maana anajua nyumba hiyo itampa dawa mgonjwa sawasawa akishaondoka.

Hatua ya kwanza: jua nani anayekuja

Kabla hatujaifikia hospisi yenyewe, kikundi kimoja cha msaada kilikuja kwetu na sabuni, sukari na kamera. Walimpiga picha mama mkubwa akiwa amelala, wakaomba dua, wakaondoka. Sabuni ilitusaidia, sikatai. Lakini usiku ule alilia hadi jogoo wakawika.

Hivyo swali la kwanza ni hili, uliulize kwa adabu lakini bila kuzunguka: "Kati yenu, nani anaruhusiwa kuandika mofini?" Uganda ilibadilisha sheria mwaka 2004 ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea huduma hii kuandika mofini, dawa ya maumivu makali, bila kumsubiri daktari, na ilikuwa ya kwanza Afrika kufanya hivyo. Kwa hiyo usimdharau aliyekuja kwa sababu "ni nesi tu." Huenda nesi huyo ana ruhusa ambayo madaktari wengi wa nchi jirani wangeitamani. Ila kama hakuna hata mmoja mwenye ruhusa, na hawawezi kukutajia aliye nayo, basi hao ni wageni wema. Wakaribishe, halafu endelea kutafuta.

Jihadhari pia na anayeahidi kuponya. Watanzania huiita huduma hii tiba shufaa, na kazi yake ni kumwondolea mgonjwa mateso na kuishika mkono familia. Anayekuambia saratani iliyokwisha kuenea itaisha kwa dawa zake za chupa, tena kwa malipo ya awamu, huyo ni mfanyabiashara.

Andaa karatasi zako: barua ya rufaa, majibu ya vipimo kutoka hospitali, orodha ya dawa anazotumia. Nakala moja ibaki nyumbani. Hospisi makini itataka kuzisoma kabla ya kugusa sanduku lake. Isipotaka hata kuziona, hiyo ni alama mbaya ya kwanza.

Hatua ya pili: uliza juu ya chupa

Hapa ndipo nakuomba utulie, kwa sababu hospisi isiyo na mofini haina cha kumpa mtu wa saratani usiku wa manane.

Mofini ya Uganda ni ya maji, hunywewa. Unga wake huchanganywa na maji safi Kampala, kwenye kiwanda kidogo cha Hospice Africa Uganda, na serikali huitoa bure kwa wagonjwa. Hutiwa rangi ili watu wasichanganye nguvu zake: ya kijani ndiyo hafifu, ya waridi ina nguvu zaidi, ya bluu imezidi zote. Waambie wauguzi hofu zenu juu ya dawa hiyo, kisha sikiliza wanavyojibu. Majirani wetu waliotoka Kongo na Burundi wengi hawakuwahi kuiona. Waliisikia tu kama dawa ya kuua au ya kulevya. Timu nzuri haikasirikii hofu hiyo. Hukaa chini ikaeleza kwamba mofini iliyopimwa kulingana na maumivu haimharakishi mtu kufa, kwamba usingizi wa siku za mwanzo mara nyingi huwa ni wa mwili uliokesha wiki nyingi, na kwamba kichefuchefu cha mwanzo kwa kawaida hupungua.

Kisha uliza mambo haya, na majibu uyaandike:

Atakunywa kiasi gani, kila baada ya saa ngapi? Kwa kawaida ni kila baada ya saa nne, na kipimo cha kulalia huongezwa ili asiamshwe katikati ya usiku. Nani atakuonyesha kupima, na je, atakuacha upime mwenyewe mbele yake? Muuguzi wetu alinipa bomba la sindano lisilo na sindano, akatia alama ya kalamu pale dawa inapotakiwa kufika, akanifanya nirudie mara tatu. Maumivu yakimshika kabla ya saa kufika, nifanye nini? Chupa hii itaisha siku gani, na nyingine italetwa na nani, lini?

Halafu kuna swali moja linalowafichua wasiojua kazi: "Na dawa ya choo?" Mofini hufunga choo, karibu kila mara. Anayeijua huleta dawa ya kulainisha choo siku ileile, bila kukumbushwa, na akiishiwa vidonge hukuambia ukaushe mbegu za papai na kuzisaga. Aliyekupa mofini peke yake hajawahi kumwona mgonjwa akijikunja kwa siku sita za choo kigumu. Mimi nimemwona.

Hali kadhalika kidonda kinachonuka. Harufu hufukuza wageni, na mgonjwa huona wanavyokaa mbali. Uliza wanakitibuje. Wajuzi husaga vidonge vya metronidazole wakanyunyiza unga wake juu ya kidonda, na harufu hupungua sana. Ukijibiwa "mfungue madirisha," andika hilo pia.

Hatua ya tatu: watazame wakiwa ndani ya nyumba

Ziara ya kwanza ina mengi ya kusomwa. Je, muuguzi aliketi? Alimuuliza mgonjwa mwenyewe, au alikuuliza wewe juu ya kichwa chake? Alimgusa? Alinyanyua shuka kutazama mgongo na visigino kama vidonda vya kulalia vimeanza?

Tazama wanavyopima maumivu. Kuna kipimo cha mkono kinachotumika sana Afrika: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni maumivu yasiyo na mfano. Hata asiyejua kusoma hukiweza. Mama mkubwa siku ile alinyoosha vidole vitano, akatafuta mkono wa pili.

Halafu lugha. Bonde la Oruchinga limejaa Kinyarwanda, Kirundi na Kiswahili cha Kongo. Kwenye makazi ya Nakivale ongeza Kisomali na vingine. Wafanyakazi wa Mbarara wengi ni wa Kinyankore na Kiingereza. Mgonjwa anayesema "munganga, ninaumwa sana mu tumbo" asipate mtu wa kumwelewa? Waulize wanaye mkalimani gani. Jambo moja silisamehe: kumgeuza mtoto wa nyumba kuwa mkalimani. Binti wa miaka 12 hawezi kubebeshwa kumwambia bibi yake kwamba hatapona, wala kumtafsiria muuguzi kinachovuja sehemu za siri. Timu yenye heshima huja na mtu mzima, mara nyingi mhudumu wa afya wa kijiji, VHT, na humtoa mtoto nje kwa upole.

Na dini. Cicely Saunders, aliyefungua St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa si ya mwili tu. Yamo pia ya moyo, ya familia, ya roho. Kwa hiyo ni haki waulize kama mgonjwa anataka pasta, padri au shehe. Waulize, nimesema. Wasianze kuombea kwa sauti mtu ambaye hawajamjua jina.

Hatua ya nne: piga simu usiku kabla hujaihitaji

Wakikuachia namba, usisubiri balaa. Chagua usiku mmoja mtulivu, saa nne hivi, upige. Ukipokelewa, sema ukweli: unahakikisha namba ni hai, na uliza ukipatwa na shida saa nane za usiku utamwambia nani. Hospisi inaweza kukosa mtu wa usiku, si dhambi, mradi ikueleze mapema ufanye nini hadi kuche. Tatizo ni ile inayosema "tupigie wakati wowote" halafu simu inaita kwenye ofisi iliyofungwa.

Nawe uwe na salio na betri. Bei ya kuchaji simu dukani ingiza kwenye bajeti ya ugonjwa, pamoja na sabuni na pampasi.

Hatua ya tano: fuata njia ya dawa

Oruchinga iko upande wa barabara ya Mbarara kwenda Kikagati, mpakani na Tanzania. Lami ni lami, lakini kutoka lami hadi mlangoni kwako ni habari nyingine mvua zikinyesha. Hakuna gari la Mbarara litakalokuja kila siku, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Kwa muda mrefu hospisi ya Mbarara imetumia kliniki za kando ya barabara: gari husimama mahali palipopangwa, wagonjwa na jamaa zao hulifuata. Basi uliza siku na mahali, na mgonjwa asiyeweza kupanda boda atahesabiwaje. Je, muuguzaji anaruhusiwa kumchukulia dawa?

Ubora hapa umo katika kupokezana. Kituo cha afya cha karibu kinamjua mgonjwa wako? Kina mofini, au kinaweza kutunza chupa ya akiba? VHT ameonyeshwa dalili za hatari? Gari likiharibika wiki ya zamu yako, mpango ni upi? Hospisi inayofanya yote peke yake hukatika siku gari linapoharibika. Huko kaskazini, Peace Hospice Adjumani imekuwa ikiwahudumia wakimbizi wa Sudan Kusini ikiwa palepale wilayani. Sisi huku tunategemea zaidi mnyororo mrefu, na kila pete yake inabidi ikaguliwe.

Fedha nitazipitia haraka: uliza mapema kama kuna mchango wowote, na ukiambiwa upo, uliza asiye nacho hufanyaje. Jibu liwe wazi, na lisiwe siri kati yako na dereva.

Hatua ya sita: weka daftari, kisha hukumu

Usimhukumu mtu kwa ziara moja. Chukua daftari la shule, kila jioni andika idadi ya vidole alivyoonyesha, alilala saa ngapi, choo, alikula nini. Shirika la tiba shufaa barani, African Palliative Care Association, lenye makao Kampala, lina kipimo cha maswali 10: saba kwa mgonjwa, matatu kwa familia, kila moja hupewa alama kutoka sifuri hadi tano, yakihusu siku tatu zilizopita. Huhitaji fomu yao. Maswali yake yanaulizika jikoni: maumivu yakoje? Una wasiwasi juu ya ugonjwa? Umepata wa kumweleza yaliyo moyoni? Una amani? Na kwako wewe unayeuguza: umeelezwa ya kutosha? Unajiamini kumtunza?

Baada ya wiki mbili fungua daftari. Vidole vikishuka kutoka vitano hadi viwili au kimoja, mko mahali pazuri, hata kama gari lao ni kuukuu. Vikiganda kwenye vinne na hakuna aliyebadilisha kipimo cha dawa, waonyeshe daftari hilo, mstari kwa mstari. Wasipokusikia, lipeleke kituo cha afya kilichoandika rufaa, au ofisi ya afya ya wilaya pale Isingiro. Nao Palliative Care Association of Uganda, chama kilichoanza mwaka 1999, kinawaunganisha watoa huduma nchini na kinajua nani yuko wapi. Daftari husikilizwa kuliko machozi, nasikitika kusema.

Hatua ya saba: sikiliza wanavyoongea juu ya kifo

Timu nzuri haitangoji dakika za mwisho. Itauliza, mapema na taratibu, mgonjwa angependa kufia wapi, nani aitwe, watoto watabaki na nani. Kwa mkimbizi kuna la ziada: mtu anayetaka kuzikwa Masisi au Makamba anapaswa kuambiwa ukweli kuhusu mpaka na gharama angali na akili ya kuchagua lingine. Itakueleza pumzi zitakavyobadilika ili usikimbilie boda saa tisa za usiku kumpeleka mtu anayekata roho kwenye foleni ya kituo.

Na baada ya mazishi, je, hurudi? Mofini iliyobaki haigawiwi majirani wala kumwagwa kiholela, hospisi huichukua. Ziara hiyo ndiyo ya mwisho unayoweza kuipima.

Muuguzi wetu alikuja siku ya tisa baada ya mazishi. Chupa ya kijani nilikuwa nimeshaiweka mezani, imebaki robo. Hakuigusa. Alivuta kigoda, akamwita binti yangu aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango, akamuuliza siku hizi analala na nani.