Usukani Kombo? Usikimbilie Nati

Volkswagen Beetle ikiletwa gereji ya jua kali Kawangware au Kibera usukani ukiwa kombo, mafundi wengi hushika soketi kwanza. Usukani unachomolewa, unasogezwa meno mawili matatu, unafungwa, na mwenye gari anaondoka ameridhika. Ugonjwa umefichwa tu.

Boksi ya stiarini ya Beetle iliundwa ikaze kidogo pale katikati, ili gari likienda moja kwa moja usukani usicheze. Tairodi moja ikiwa imerefushwa vibaya, labda na mtu wa alainimenti aliyekuwa na haraka, magurudumu yatanyooka huku boksi iko pembeni. Usukani utacheza, na indiketa ya upande mmoja itajizima mapema.

Basi anza na boksi. Inua mbele kwa jeki, uweke stendi za chuma (mawe hapana, hata kama jirani hutumia mawe). Zungusha hadi mwisho wa kushoto, bandika selotepu juu ya usukani, hesabu mizunguko hadi mwisho wa kulia, kisha urudi nusu. Papasa taratibu maeneo hayo mpaka uhisi mkazo mdogo. Uamini mkazo huo kuliko hesabu. Hapo boksi iko katikati. Magurudumu yakiwa hayajanyooka, kosa liko kwenye tairodi: fupisha moja, refusha nyingine kwa kiasi kile kile. Yakiwa yamenyooka na usukani peke yake ndio kombo, sasa una ruhusa ya kuuchomoa.

Toa waya wa hasi wa betri. Bandua kifuniko cha honi kwa vidole. Plastiki ya miaka 50 haitaki bisibisi. Chomoa waya wa honi, halafu piga alama ya rangi kwenye shafti na kitovu cha usukani. Beetle nyingi za miaka ya 60 huchukua soketi ya 27. Legeza nati lakini iache imeshika nyuzi chache, maana usukani uliogoma ukiachia ghafla hukupiga mdomoni. Shika kushoto na kulia, vuta huku ukiutikisa. Ukikataa, mwagia mafuta ya kulegeza kutu ulale nao hadi kesho, au tafuta pula. Nyundo kwenye ncha ya shafti huua nyuzi, na kishindo hushukia boksi.

Wakati wa kurudisha, mkono wa indiketa uwe katikati, la sivyo utavunja swichi ambayo kuipata ni kazi. Kaza nati kama Nm 50.

Usijaribie gari Ngong Road. Barabara huinamishwa kando ili maji yatiririke, nasi huendesha kushoto, kwa hivyo hata gari zima huvutwa kuelekea mtaro. Tafuta uwanja tambarare, uachie usukani kidogo ukienda polepole, kisha jaribu honi na indiketa zote mbili kabla ya kumpa mwenyewe ufunguo.